Zambarau Inapogeuka Manjano: Jani la Mpera na Maana Halisi ya Antioksidanti

Ndani ya neli ndogo ya kioo mna mmumunyo wa rangi ya zambarau iliyokolea. Mtafiti anadondoshea humo kiasi kidogo cha kimiminika kilichotolewa katika majani ya mpera, anaiweka neli gizani kwa nusu saa, kisha anairejesha mwangani na kukuta zambarau imefifia, pengine imegeuka kuwa manjano hafifu. Mashine inapima kiasi cha mwanga kilichonyonywa na mmumunyo katika urefu wa mawimbi wa nanomita 517, tarakimu inaandikwa, na baadaye sentensi inachapishwa kwamba majani hayo yana uwezo mkubwa wa antioksidanti. Kutoka hapo sentensi husafiri bila mwenyewe: inafika kwenye lebo za vifurushi, inaingia katika mazungumzo ya afya, na hatimaye inakuwa ahadi kwamba jani linazuia uzee, saratani na kisukari kwa mkupuo mmoja.

Sentensi ya kwanza huwa ya kweli mara nyingi. Ahadi ya mwisho haitokani nayo. Kati ya hizo mbili kuna mlolongo mrefu wa kemia na fiziolojia, na jani la mpera, ambao wanabotania huuita Psidium guajava, ni mfano mzuri wa kuufuatia mlolongo huo, kwa kuwa ni miongoni mwa majani ya dawa yaliyochunguzwa sana, na kwa kuwa kemia yake inaonyesha waziwazi mahali ambapo hoja hukatika.

Tuanze na adui anayedaiwa kupigwa. Elektroni katika molekuli nyingi hukaa mbili mbili, na molekuli au atomu iliyobaki na elektroni isiyo na mwenzake huitwa radikali huru. (Zipo tafsiri zinazoiita "itikadi kali ya bure". Hizo ni kazi ya mashine iliyochanganya kemia na siasa, na msomaji anaweza kuzipuuza.) Radikali hujikamilisha kwa kunyakua elektroni ya jirani, na jirani aliyenyang'anywa hugeuka kuwa radikali mpya. Katika mafuta yanayounda utando wa seli, unyang'anyi huu unaweza kuendelea kutoka molekuli moja hadi nyingine kama moto unavyopita katika nyasi kavu, na ni mnyororo uleule unaoyafanya mafuta yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto yatoe uvundo. Kitu chochote kinachoukata mnyororo huo, au kinachozuia usianze, kinastahili jina la antioksidanti.

Mwili wenyewe huzalisha radikali wakati wote, hasa ndani ya mitokondria, ambako oksijeni hutumika kuchoma chakula na sehemu ndogo yake hupokea elektroni moja moja badala ya kugeuzwa maji moja kwa moja. Mwaka 1956 mtafiti wa Marekani, Denham Harman, alipendekeza kwamba uzee ni matokeo ya madhara madogo madogo ya radikali yanayolimbikizana. Wazo hilo ni jepesi kueleweka, na nadhani wepesi huo umelipa umri mrefu kuliko ulivyostahili ushahidi wake. Mwaka 1969 Joe McCord na Irwin Fridovich walieleza kazi ya kimeng'enya kinachoondoa radikali ya superoksidi, yaani oksijeni iliyopokea elektroni moja ya ziada, na tangu hapo imefahamika kwamba seli hazikai zikisubiri msaada kutoka kwenye kikombe cha majani. Zina jeshi lake: dismutesi ya superoksidi, katalesi, na glutathioni pamoja na vimeng'enya vinavyoitumia. Molekuli moja ya katalesi inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksidi ya haidrojeni kwa sekunde na kubaki vilevile, ilhali molekuli ya mmea inayotoa elektroni hutoa moja au chache, kisha imekwisha kazi.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Chembe nyeupe za damu huzalisha superoksidi kwa makusudi ili kuua bakteria ambao chembe hizo zimewameza, na watu wanaozaliwa wakiwa na hitilafu katika kimeng'enya cha kuizalisha huugua maambukizi makali yanayojirudia. Peroksidi ya haidrojeni kwa kiasi kidogo ni ishara inayotumwa ndani ya seli. Kwa hiyo lengo la kufuta radikali zote mwilini, hata kama lingewezekana, lisingekuwa lengo la afya.

Sasa tuingie ndani ya jani. Mpera ni wa familia moja na mkarafuu na mkalitusi, na kama ndugu zake hao, majani yake yana vifuko vidogo vya mafuta yenye harufu, vinavyopasuka jani likifikichwa. Katika mafuta hayo mna kariofilini, ambayo hupatikana pia katika karafuu, pamoja na limonini na sineoli, kwa viwango vinavyobadilika kulingana na aina ya mti na mahali ulipoota. Lakini mafuta tete sio yanayoifuta zambarau kwa kiasi kikubwa. Kazi hiyo hufanywa na polifenoli, ambazo katika jani hili zimegawanyika katika makundi matatu hivi: asidi za fenoli kama vile asidi galiki, flavonoidi zikiongozwa na kwesetini na katekini, na tanini, ambazo ni molekuli kubwa zilizojengwa kwa kuunganisha vipande vya makundi hayo mawili ya kwanza. Mmea huzitengeneza kwa mahitaji yake. Flavonoidi zilizo katika tabaka la juu la jani hunyonya miale ya urujuanimno isiharibu seli zilizo chini yake, na tanini hushikamana na protini kinywani na tumboni mwa mla majani, zikilifanya jani kuwa chakula kibaya. Ukakasi anaousikia mtu anapotafuna jani la mpera ni tanini zikikamata protini za mate yake.

Kwesetini inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu umbo lake linaeleza kwa nini molekuli fulani ni antioksidanti nzuri na nyingine si kitu. Ina pete tatu, na katika pete moja kuna vikundi viwili vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni) vilivyokaa bega kwa bega. Atomu ya haidrojeni ya kimojawapo hung'oka kwa urahisi pamoja na elektroni yake, na radikali inayoipokea inatulia. Kwesetini sasa imebaki na elektroni pweke, lakini elektroni hiyo haikai mahali pamoja. Inasambaa juu ya pete zilizounganishwa, kwa hiyo inapungua ukali na haiendi kunyang'anya mwingine. Molekuli isiyo na vikundi hivyo viwili vinavyopakana, au ambayo pete zake hazikuunganishwa kwa mpangilio unaoruhusu elektroni kusambaa, hutoa haidrojeni kwa shida au hubaki yenyewe kuwa radikali ya hatari.

Ndani ya jani, hata hivyo, kwesetini haikai peke yake kwa wingi. Imefungwa kwa sukari, na hapa pana somo zuri kwa anayesoma tafiti. Gwaijaverini, ambayo jina lake limetokana na jina la mpera wenyewe, ni kwesetini iliyoungana na sukari ya arabinosi yenye pete ya viungo sita. Avikularini ni kwesetini ileile iliyoungana na arabinosi ileile, ila pete ya sukari ina viungo vitano. Zote mbili zina tungamo la molekuli la 434. Mashine inayopima tungamo za molekuli itaona uzito mmoja, itaona zote zikipoteza kipande cha 132 na kubakiza kiini cha kwesetini, na haitajua ipi ni ipi. Ili kuzitofautisha ni lazima kwanza zitenganishwe kwa kromatografia, kisha zilinganishwe na sampuli safi inayojulikana au zichunguzwe kwa mbinu inayosoma mpangilio wa atomu zake. Makala ya utafiti inayoorodhesha misombo thelathini ya jani kwa kutegemea tungamo pekee imetoa orodha ya makisio, hata kama imeipanga katika jedwali la kupendeza.

Kabla ya kupima lolote, misombo hiyo sharti itolewe ndani ya jani, na hatua hii huamua matokeo kuliko wasomaji wengi wanavyodhani. Jani linapochumwa na kupondeka, kimeng'enya chake hukutana na polifenoli na kuanza kuzioksidisha, kwa namna ileile inayolifanya tunda lililokatwa ligeuke kahawia. Ukaushaji wa polepole mahali penye unyevu huruhusu uharibifu huo uendelee, na joto kali nalo huharibu misombo isiyostahimili. Kisha huja kiyeyushi. Heksani huvuta nta, mafuta na rangi ya kijani. Maji ya moto huvuta tanini na flavonoidi zilizofungwa kwa sukari. Mchanganyiko wa alkoholi na maji kwa kawaida huvuta polifenoli nyingi zaidi, na ndiyo maana maabara nyingi huupenda. Kinachopatikana huitwa ziduo, na ziduo la methanoli si kitu kimoja na maji yaliyochemshwa na majani, ingawa yote mawili yametoka katika mti mmoja. Mtafiti anaweza kupima ziduo la methanoli, ambalo hakuna mtu anayelinywa, kisha matokeo yake yakatumiwa kusifia chai.

Kipimo cha kwanza katika tafiti nyingi ni kile cha Folin na Ciocalteu, kilichobuniwa mwaka 1927. Kitendanishi chake kina tungsteni na molibdeni, ni cha manjano, na kinapopokea elektroni hugeuka buluu. Ubuluu huo hulinganishwa na ule unaoletwa na asidi galiki, na jibu huandikwa kama miligramu za asidi galiki kwa gramu ya ziduo au ya jani kavu. Watu huisoma tarakimu hii kama jumla ya fenoli. Kwa kweli ni jumla ya vitu vyote vilivyotoa elektroni katika mazingira yale, na miongoni mwake waweza kuwemo vitamini C, baadhi ya sukari, na protini zenye tirosini.

Kisha huja mmumunyo wa zambarau tuliouanza nao. Rangi hiyo ni ya DPPH, radikali ya kutengenezwa maabara ambayo ni tulivu kiasi cha kuweza kuhifadhiwa chupani ikiwa unga, jambo ambalo radikali za mwilini haziwezi hata kidogo. Ikipokea haidrojeni hugeuka manjano. Matokeo huripotiwa kwa ukolezo unaotosha kuifuta nusu ya radikali hiyo, unaojulikana kama IC50, na hapa wasomaji wengi hujikwaa, kwani tarakimu ndogo ndiyo yenye nguvu: ziduo linalohitaji mikrogramu 10 kwa mililita limelishinda linalohitaji 100. Tarakimu hiyo inategemea pia ukolezo wa DPPH uliotumika, muda wa kusubiri na kiyeyushi, kwa hiyo kulinganisha IC50 ya maabara moja na ya nyingine ni sawa na kulinganisha hatua za watu wawili bila kujua urefu wa miguu yao. Mtafiti makini hupima vitamini C au Trolox, ndugu wa vitamini E aliyetengenezwa maabara, siku hiyohiyo, katika neli zilezile, ili awe na cha kulinganishia. Rangi ya kijani ya ziduo lenyewe inaweza kuuvuruga usomaji, na isipotolewa katika hesabu, jani huonekana dhaifu au kali kuliko lilivyo.

Vipimo vya FRAP na ABTS hufuata mantiki iliyo karibu na hiyo. ABTS hutumia radikali nyingine ya maabara yenye rangi. FRAP, kilichoelezwa na Benzie na Strain mwaka 1996, hakina radikali yoyote. Hupima uwezo wa kukipa chuma elektroni katika hali ya asidi kali, yaani pH 3.6, ambayo ni mbali na ile ya damu. Tafiti nyingi huonyesha kwamba ziduo lenye tarakimu kubwa ya Folin lina pia uwezo mkubwa katika DPPH na FRAP, kisha huhitimisha kwamba fenoli ndizo zinazoleta uwezo huo. Huenda ni kweli, lakini uwiano wenyewe hauthibitishi sana, kwa kuwa vipimo vyote vitatu vinauliza swali moja kwa rangi tofauti: je, kitu hiki kinatoa elektroni kwa urahisi?

Tukitoka kwenye neli na kuingia mwilini, mambo hubadilika kabisa. Kwesetini iliyofungwa kwa sukari ikifika katika utumbo, sukari hukatwa, sehemu fulani hufyonzwa, na mara moja ukuta wa utumbo na ini huanza kuibandika vikundi vya glukuronidi, salfati na methili, mara nyingi juu ya haidroksili zilezile zilizoipa uwezo wake. Ukolezo wake katika damu baada ya ulaji wa kawaida huwa chini ya mikromoli 1 kwa lita. Vitamini C katika damu ya mtu mwenye afya huwa karibu mikromoli 50, na asidi ya yuriki, ambayo nayo ni antioksidanti, huwa kati ya mikromoli 200 na 400. Kwesetini ya kikombe kimoja, tena iliyokwisha kubadilishwa umbo, ni tone ndani ya mtungi uliojaa. Ama radikali ya haidroksili, ambayo ndiyo kali kuliko zote, hudumu kwa muda mfupi mno na hushambulia chochote kilicho kando yake. Hakuna molekuli ya chakula inayoweza kujaa kila mahali kiasi cha kuiwahi. Mwili huizuia kwa njia nyingine, yaani kwa kuyafunga madini ya chuma yasiizalishe.

Majaribio makubwa kwa binadamu yameipa nadharia rahisi pigo zito. Nchini Ufini wanaume wavutaji sigara 29,133 walipewa vitamini E, beta-karotini, vyote viwili, au vidonge visivyo na dawa ndani yake kwa miaka mitano hadi minane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Jaribio jingine nchini Marekani, lililochanganya beta-karotini na vitamini A, lilisitishwa mapema mwaka 1996 kwa sababu madhara yalikuwa yakielekea upande huohuo. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa kwenye tovuti yake jedwali lililopanga vyakula kwa uwezo wa antioksidanti uliopimwa maabara kwa kipimo cha ORAC, ikieleza kwamba tarakimu hizo hazina uhusiano na athari za misombo hiyo katika afya ya binadamu, na kwamba kampuni zilikuwa zikizitumia vibaya katika matangazo.

Hata majaribio ya seli katika sahani yana mtego wake. Polifenoli zenye haidroksili zinazopakana huoksidishwa zenyewe katika kimiminika cha kukuzia seli, na katika kufanya hivyo huzalisha peroksidi ya haidrojeni. Seli za saratani zikifa ndani ya sahani hiyo, inawezekana zimeuawa na peroksidi ambayo isingetokea mwilini kwa kiasi kile. Jaribio la aina hii huhitaji kurudiwa kukiwa na katalesi ndani ya sahani. Seli zikinusurika, jani halikuwa na hatia wala sifa.

Je, basi jani la mpera halifanyi kitu? Linafanya, na kwangu hapa ndipo mada inapopata utamu, kwa kuwa njia zinazoaminika zaidi hazihitaji kufuta radikali hata moja katika damu. Njia mojawapo ni ya kuamsha ulinzi wa seli yenyewe. Ndani ya seli kuna protini iitwayo Nrf2, inayoshikwa na nyingine iitwayo Keap1. Kwesetini iliyooksidishwa inaweza kugusa sehemu za Keap1 zenye salfa, Nrf2 ikaachiliwa, ikaingia katika kiini cha seli na kuwasha jeni za vimeng'enya vya kujikinga. Kwa mantiki hii kemikali ya mmea hufanya kazi kama kichokozi kidogo kinachoiamsha seli, na haihitaji kuwa nyingi ili isikike.

Njia nyingine iko ndani ya utumbo, kabla ya chochote kufyonzwa, mahali ambapo ukolezo wa polifenoli ni mkubwa mara nyingi zaidi kuliko katika damu. Tanini za mpera, ambazo ni kubwa mno kuvuka ukuta wa utumbo, hushikamana na vimeng'enya vinavyokata wanga na sukari ya kawaida kuwa glukosi, na hivyo kupunguza kasi ya kupanda kwa sukari katika damu baada ya mlo. Chai ya majani haya imeidhinishwa nchini Japani kama chakula chenye manufaa mahususi kwa watu wanaoangalia sukari yao, na hoja iliyotegemewa ilikuwa hiyo ya vimeng'enya. Tanini zile zenye asidi elajiki, zikifika katika utumbo mpana, huvunjwa na bakteria kuwa urolithini, ambazo hufyonzwa vizuri kuliko tanini zenyewe. Hata hivyo si kila mtu ana bakteria wa kufanya kazi hiyo, na watu wawili waliokunywa ziduo moja wanaweza kuwa wamepata kemikali tofauti mwilini.

Sifa hizo hizo zina upande wake wa tahadhari. Anayetumia dawa za kushusha sukari akaongeza ziduo lililokolezwa la mpera anaweza kuishusha sukari kuliko alivyokusudia, na anapaswa kumwarifu daktari wake kabla ya kuanza. Haidroksili zinazopakana, zinazotoa elektroni kwa wepesi, hukamata pia chuma, na tanini zikikutana na chuma cha vyakula vya mimea ndani ya utumbo hukizuia kufyonzwa. Kwa mwenye upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma, ni afadhali majani hayo yanywewe saa kadhaa mbali na mlo na mbali na vidonge vya madini hayo.